Kufunga difu ya LSD nyumbani: niliyojifunza nikiwa chali chini ya Hilux

Masika ya huku Rungwe hayana simile. Kutoka shamba letu la viazi hadi lami si mbali, lakini udongo ukishalowa unakuwa sabuni. Hilux yangu ni ya dizeli, inasukuma kwa nyuma tu. Ikifika kwenye kilima chenye mikaratusi, tairi la kushoto linaingia mferejini na kuzunguka kama feni, la kulia limetulia kana kwamba halijaambiwa kuna safari. Vijana wa kusukuma walishanizoea. Wakisikia muungurumo tu, wanaacha bao na kuja kudai chao.

Hiyo ndiyo tabia ya difu ya kawaida, yaani giya za katikati ya ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu ya injini kwenye matairi mawili. Inagawa nguvu sawa kwa sawa, kwa hiyo tairi moja likikosa pa kushika, la pili nalo halipewi kitu. Difu ya LSD ("limited slip", yaani inayozuia tairi moja kuteleza peke yake) niliyofunga mimi ina sahani ndani ya kesi yake, kama za klachi, zinazobanana pale upande mmoja unapotaka kukimbia peke yake. Ipo aina nyingine ya giya za mshazari, isiyo na sahani za kulika, ila tairi likining'inia hewani kabisa haikufai sana.

Kabla hujatoa hela, angalia matairi. Kama vipara vimeanza kuonekana, nunua matairi kwanza, utanishukuru. Ukiwa na matairi mazuri na mifuko miwili ya mchanga nyuma, huenda usihitaji difu kabisa.

Ukishaamua, kosa la kwanza linaanzia dukani, na mimi nililifanya. Kuna kununua kichwa kizima cha difu, yaani pande lote la mbele lenye kraunwili (giya kubwa ya duara) na pinioni yake (giya ndogo inayoizungusha), na kuna kununua kesi ya LSD peke yake, halafu kraunwili yako ya zamani unaihamishia humo. Kesi ilikuwa rahisi, nikaiagiza Gerezani, Dar es Salaam, ikapanda basi hadi Mbeya. Rahisi ilinigharimu, kama utakavyoona. Ukipata kichwa kizima kilichotoka Japani kikiwa salama, chukua hicho, ila hesabu meno mwenyewe. Kraunwili yenye 41 kwa pinioni ya 10 ni uwiano wa 4.1, yenye 43 kwa 10 ni 4.3. Ukibadilisha uwiano, spidomita nayo itaanza kukudanganya. Kwa gari la foo-wili ni balaa zaidi, maana difu ya mbele na ya nyuma zisipolingana zinavutana hadi kitu kikatike. Kesi au kichwa cha sahani ukijaribu hivi: mtu ashike upande mmoja, wewe zungusha wa pili kwa mkono. Ukizunguka kilaini, sahani zimekwisha. Unauziwa difu ya kawaida kwa bei ya LSD.

Kushusha si kazi ya kutisha. Siku moja inatosha ukiwa na msaidizi. Gari juu ya stendi mbili za chuma, si matofali, tafadhali. Mwaga oili, fungua propela (mhimili unaoleta nguvu kutoka giyaboksi) na uweke alama ya rangi kwenye flanji, pale inapoungana na difu, ili irudi ilivyokuwa. Dramu za breki zitoke, paipu ya breki ifunguliwe, kebo ya hendibreki nayo, kisha nati nne nyuma ya sahani ya breki. Ekseli inatoka na beringi yake pamoja na sahani ya breki, mzima mzima. Huna haja ya kwenda kwenye presi. Huna haja pia ya kuitoa yote nje: ikishaachia meno ya ndani inatosha. Ila mimi nashauri uitoe uweke sili mpya, hata kama ya zamani haivuji. Na safisha ile pumulio juu ya hausingi, yaani ganda la ekseli. Yangu ilikuwa imezibwa na tope, oili ikikosa pa kuhemea ilikuwa inasukuma sili na kulowesha brekishuu. Miaka yote nilidhani breki za kushoto ni mbovu tu.

Kichwa chenyewe hakifiki uzito wa mfuko wa saruji, lakini ukiwa chali kifuani kinakuwa mifuko miwili. Kishushie kwenye jeki ya magurudumu.

Sasa ndipo patamu. Kuhamishia kraunwili kwenye kesi mpya si kufunga bolti ukaondoka. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliishika kraunwili, akaitikisa kwa vidole, akasikiliza, akasema, "Bosi, hii imekaa." Nikapandisha. Wiki ya pili ilianza kulia: ukikanyaga mafuta inapiga mluzi, ukiachia inanyamaza. Kilometa sitini kwa saa nilikuwa sisikii redio.

Nikashusha tena, safari hii nikaenda kwa mzee mmoja, fundi mstaafu. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama, macho yakiwa kwenye meno ya kraunwili.

"Nani kafunga hii, mwanangu?"

Nikamwambia ni fundi. Akacheka kidogo, akaenda kuleta daili geji, kipimo cha saa cha kupimia uwazi mdogo, iliyofungwa kwenye kitambaa cha khanga.

Uwazi kati ya meno ya kraunwili na ya pinioni kwenye difu hii unatakiwa uwe milimita 0.13 hadi 0.18. Hapo unazungumzia unene wa nywele mbili hivi. Kidole cha nani kinapima hicho? Yangu ilisoma 0.41. Mzee akalegeza rekebisho la upande mmoja, akakaza la upande wa pili kwa kiasi kilekile, akapima sehemu tatu za duara. Kisha akapaka meno machache rangi, akazungusha pinioni huku mimi nimeizuia kraunwili kwa tambara, akanionyesha. Alama ilikuwa imekaa katikati ya jino, kama nyayo ya mtoto. "Ikikimbilia ncha au shina la jino, italia tu," akasema.

Jambo jingine: vile vifuniko viwili vya beringi za pembeni havibadilishani. Piga nukta moja kwa panchi cha kushoto, mbili cha kulia, kabla hujalegeza bolti. Na kraunwili na pinioni ni mke na mume. Usioze moja kwa mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kushusha na kupandisha fanya mwenyewe, kupima mpe mwenye daili geji, na ulipe bila kulalamika. Asiyenayo mwachie salamu, uende zako.

Oili usiweke iliyobaki kwenye kopo. Inatakiwa ya GL-5 (daraja la oili ya giya, liko kwenye kopo) iliyoandikwa LSD, jaza hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Mimi mwanzoni niliweka ya kawaida, na kila nikikata kona sokoni ilikuwa ikigongagonga nyuma, watu wanageuka. Niliibadilisha, nikazunguka uwanja wa mpira polepole kwa umbo la nane, kelele ikaisha.

Halafu jeki. Wakati ule inalia, nilinyanyua tairi moja tu la nyuma, nikawasha injini na kutia giya ili nisikilize. Kwa difu ya zamani tairi lililo chini lingekaa kimya. Hili la LSD lilisukuma. Gari likashuka kwenye jeki, likaenda kuvunja banda la kuku. Kuku wawili, mlango mmoja, na maneno ya mama watoto ambayo siyaandiki hapa. Ukitaka kuwasha injini ukiwa umeinua gari, inua matairi yote mawili ya nyuma, yakae kwenye stendi.

Kwenye mikaratusi sasa napanda. Ila barabara ikilalia upande mmoja, matairi yote mawili yanateleza kwa pamoja na mkia unaelekea mferejini taratibu, kama ng'ombe anayerudi nyuma. Hapo naachia mafuta mapema. Mifuko ya mchanga sijaishusha.