Umekubali kazi kwa mdomo, hujasaini, na sasa unataka kujitoa

Hii nawaandikia nyie mnaoanza kazi za kujitegemea, madizaina, wapiga picha, watengeneza website, hasa mlioko huku kwetu Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa ambako dili nyingi zinafungwa mezani kwa chai ya maziwa na chapati, mkataba unakuja baadae au hauji kabisa.

Kwanza toa kichwani ile ya "sijasaini kwa hiyo hawana cha kunifanya". Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, haidai karatasi kwa kazi kama zetu. Mkikubaliana kwa hiari, malipo yapo na kazi ni halali, basi mna mkataba hata kama mliongea tu mkiwa mmesimama stendi. Na zile meseji za WhatsApp mnazotumiana usiku zinaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu. Mimi si mwanasheria, haya nimeyatafuta baada ya kubanwa.

Mwaka wangu wa kwanza nilikubali kazi ya picha za nyumba ya wageni moja hapa mjini, nikapata kazi nzuri zaidi Iringa, nikaacha kupokea simu. Hiyo tu. Sikusema hapana, nilinyamaza. Yule baba alinipigia kama wiki nzima, meseji ya mwisho aliandika "mwanangu hata kama huji niambie nitafute mwingine". Hilo neno bado linaniuma mpaka leo mana alichokuwa anaomba kilikuwa kidogo sana na mimi nilishindwa kumpa.

Mara ya pili ilikuwa kikundi cha wakulima wa kahawa Mbozi. Tulikutana Mwanjelwa na mzee mmoja kiongozi wao, tukakubaliana lebo za pakiti za gramu 250 na 500, picha za shambani, na kuwaendeshea kurasa zao mtandaoni miezi mitatu kwa laki tisa, nikatumiwa advansi laki mbili kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Nikaanza kazi. Wiki mbili baadae ikaja rasimu ya mkataba kwa PDF, naisoma nakuta hela yote iliyobaki inalipwa miezi mitatu ikiisha, alafu kila wiki niende Vwawa kwa nauli yangu. Hayo hatukuyaongea kabisa.

Hapa ndo pa kutulia. Masharti mapya kwenye rasimu ni maombi mapya, hulazimiki kuyakubali, lakini yale mliyokubaliana mwanzo hayajafutika. Kwa hiyo jiulize, bei ilitajwa ikakubaliwa? Kazi inajulikana ni ipi? Hela umepokea au kazi umeanza? Kama yote ni ndiyo basi upo ndani tayari na unachofanya ni kuomba muachane vizuri. Kama mliishia "nitumie mkataba nisome ndo nikujibu" hapo uko huru, sema hapana mapema na asante, imeisha.

Kabla ya kujitoa niliomba wanilipe kila mwezi. Wakasema utaratibu wa kikundi hauruhusu. Ndipo nikaamua, na nilipiga simu siku hiyohiyo, mana kilichokuwa kinaninyima usingizi ni tarehe. Wale watu walitaka lebo ziwe tayari kabla ya Nane Nane, wapange pakiti zao viwanja vya John Mwakangale, na hilo mzee aliniambia siku ya kwanza kabisa. Kifungu cha 73 cha sheria ileile kinasema anayevunja makubaliano analipa hasara ambayo wote mlijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea, na wanapoipima wanaangalia pia kama kulikuwa na njia ya kuipunguza. Ukijitoa Juni wana muda wa kupata dizaina mwingine, ukijitoa Julai mwishoni umewaharibia msimu. Ukiona moyo unasita, usisubiri wiki iishe.

Simu kwanza, maandishi baadae. Kwa mtu mzima huwezi kuanza na meseji, ataona umemdharau. Nilimwamkia, nikamweleza bila kuzunguka, akanyamaza muda, akasema "umenisikitisha kijana, ila umesema mapema". Nilipokata nikaandika hivi:

"Shikamoo mzee. Kama tulivyoongea kwa simu leo tarehe 11 Juni, sitaweza kuendelea na kazi ya lebo na kurasa kwa sababu masharti ya malipo kwenye rasimu siyo tuliyoongea Mwanjelwa. Sampuli mbili za lebo nilizofanya nazituma sasa. Advansi niliyopokea ni 200,000, naomba tukubaliane kiasi cha kurudisha. Samahani sana kwa usumbufu."

Angalia sijaandika kwamba naumwa wala nimefiwa. Usidanganye, Mbeya na Songwe watu wanajuana, kesho mtakutana kwenye msiba wa kweli. Na usijaze sababu kumi, moja ya kweli inatosha.

Kuhusu advansi, hapa vijana wengi mnakosea, usijikatie mwenyewe eti "hii ni ya muda wangu" kabla hamjaongea. Mimi nilikuwa tayari kurudisha yote. Mzee akasema nibaki na elfu hamsini kwa zile sampuli, nikarudisha laki moja na nusu, gharama ya kutuma nikabeba mimi. Kama umeshaila hela, sema umeila na utarudisha lini, alafu tarehe hiyo isikupite.

Faili nilimpa zote, pamoja na zile ambazo dizaina mwingine anaweza kuzifungua na kuendelea nazo, na namba za madizaina wawili ninaowaamini, ila niliwauliza kwanza kama wana nafasi.

Mwisho nikaomba aniandikie kwamba hatudaiani. Alituma neno moja, "tumemalizana". Nikapiga skrinishoti, nikaiweka pamoja na meseji ya M-Pesa ya ile laki na nusu, na bado ninazo.