Mvumo mzito usiokoma nyumbani: uko hewani au uko sikioni?

SWALI: Mheshimiwa Mhandisi, kwa miezi kadhaa sasa nasikia ndani ya nyumba mvumo mzito, kama wa lori lililoegeshwa mbali bila kuzimwa injini. Huzidi usiku, hasa nikiwa chumbani, na nikitoka nje hupungua au hupotea. Mume wangu hasikii chochote. Nimefunga madirisha na kununua viziba masikio, lakini naona kama hali imekuwa mbaya zaidi. Programu ya simu ya kupima kelele inaonyesha kuwa chumba ni kimya. Je, sauti hii ipo kweli, inatoka wapi, na tuhame?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na mume wako na simu yako, kwa sababu ushahidi wa mashahidi hawa wawili ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Sikio la binadamu husikia kuanzia takribani hezi 20 hadi hezi 20,000 (hezi ni kipimo cha masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni nzito), lakini halina usikivu sawa kotekote. Sauti ya hezi 1,000 husikika ikiwa na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu, ilhali ya hezi 50 huhitaji kufikia takribani desibeli 44, na ya hezi 20 karibu desibeli 78. Viwango hivyo ni vya wastani, na watu wawili wenye masikio mazima huweza kupishana kwa desibeli kadhaa. Isitoshe, sauti nzito ikishavuka tu kiwango cha kusikika, nyongeza ndogo huifanya ionekane kubwa upesi sana, na ndiyo maana katika chumba kimoja mtu mmoja hukosa usingizi huku mwenzake akikoroma.

Ama simu, maikrofoni yake imeundwa kwa ajili ya mazungumzo, na programu nyingi huonyesha kipimo kiitwacho mizani ya A, ambacho kwa makusudi hukata takribani desibeli 30 kwenye hezi 50 na desibeli 50 kwenye hezi 20. Kwa hiyo programu iliposema chumba ni kimya, ilikuwa imekwisha kuitupa kando sauti ileile uliyotaka ipimwe. Ukipata kipima kelele halisi, soma mizani ya A kisha ya C, ambayo haikati sana sauti nzito, mahali palepale. C ikizidi A kwa desibeli 20 hivi, chumba kina sauti nzito ya kutosha kuchunguzwa.

Viziba masikio na madirisha yaliyofungwa huzuia vizuri sauti nyembamba na kuiachia nzito ipite. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na kuta za kawaida hulipunguza kidogo tu. Ulipofunga madirisha uliondoa kelele ndogondogo za nje zilizokuwa zikiufunika mvumo, ukabaki nao peke yake. Chumba chenyewe nacho huchangia: chenye urefu wa mita 4 huitikia sauti ya karibu hezi 43, ambayo hurundikana kwenye kuta na pembe na kufifia katikati. Kichwa cha kitanda kilichoegemezwa ukutani kipo mahali pabaya kuliko pote, hivyo sogeza kitanda kabla ya kununua chochote. Hata hivyo, usichukulie kuwa mvumo unaosikika ndani na kupotea nje lazima utoke kwenye mashine, kwani hata mvumo unaozaliwa sikioni hufunikwa na kelele za nje.

Jaribio la kwanza ni kuzima swichi kuu ya umeme usiku, pamoja na betri za akiba kama zipo, na kusubiri dakika kadhaa. Mvumo ukikoma, rudisha umeme sehemu moja baada ya nyingine hadi urejee. Mara nyingi mkosaji ni kompresa ya jokofu, pampu ya maji, feni au transfoma ndogo. Transfoma huvuma kwa masafa mara mbili ya yale ya umeme, yaani hezi 100 penye umeme wa hezi 50 na hezi 120 penye umeme wa hezi 60, kwa sababu chuma chake hunyooka na kusinyaa mara mbili katika kila mzunguko. Mvumo usipokoma, chanzo kiko nje ya nyumba au kiko kwako.

Kuyatenganisha hayo mawili kunahitaji jaribio ambalo mimi hulithamini kuliko mengine. Tafuta programu inayotoa sauti ya masafa unayochagua, vaa hedifoni zisizoziba masikio (spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hiki), kisha panda na kushuka polepole hadi upate sauti inayofanana na mvumo wako, ukiicheza kwa kiwango cha chini. Kama mvumo uko hewani, zikikaribiana sana utasikia zikipwita pamoja, yaani zikipanda na kufifia kwa zamu, kwa mfano mpwito mmoja kila sekunde ikiwa moja ni ya hezi 50 na nyingine ya hezi 51. Sauti inayotoka sikioni kwa kawaida haipwiti hivyo. Andika namba uliyoipata, kwa kuwa itamwokolea mpimaji muda mwingi.

Majibu yote mawili yamewahi kutokea. Huko Kokomo, jimbo la Indiana nchini Marekani, uchunguzi wa mwaka 2003 ulibaini sauti ya hezi 36 kutoka mnara wa kupozea wa kiwanda kimoja na ya hezi 10 kutoka kompresa ya kingine. Zilidhibitiwa, lakini baadhi ya wakazi waliendelea kulalamika. Huko Taos, jimbo la New Mexico nchini humohumo, watafiti waliopeleka vifaa mwaka 1993 hawakupata sauti yoyote hewani ya kuelezea mvumo ambao takribani asilimia 2 ya waliohojiwa walisema wanausikia. Windsor, Kanada, nako mvumo wa miaka mingi ulikoma mwaka 2020 baada ya tanuri za chuma ng'ambo ya mto kusimamishwa.

Ikiwa chanzo kiko nje, weka daftari la saa unazosikia mvumo, lakini kwa wiki mbili tu, kwani kusikiliza kwa bidii huufunza ubongo kuutafuta. Mpimaji apime usiku, ndani ya chumba chako, akichanganua kila bendi ya masafa hadi chini ya hezi 20, kisha alinganishe na saa za kazi za mashine jirani. Tiba hufanywa kwenye chanzo: springi au mpira chini ya pampu, kiungio laini kwenye bomba, feni iliyosawazishwa. Sponji za ukutani ni kupoteza fedha.

Ikiwa uko sikioni, hiyo si dalili ya wazimu, kwani kuvuma kwa masikio si lazima kuwe mlio mwembamba. Muone daktari wa masikio, na usichelewe ikiwa mvumo unakwenda na mapigo ya moyo, uko upande mmoja, au umeambatana na kizunguzungu au kupungua usikivu. Wakati huo acha kutafuta ukimya. Washa feni au sauti ya mvua kwa kiwango cha chini. Tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mwitikio hupunguza mateso hata pale mvumo wenyewe unapobaki.

Kuhusu kuhama, kwanza lala usiku kadhaa mahali tulivu, mbali na mtaa wenu. Mvumo ukikufuata huko, usitie saini mkataba wa nyumba mpya kabla ya kumuona daktari.