Kijana wa Muheza aliyetaka besi ya nyuzi tano

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Muheza alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Alianza na shikamoo, akaja kwenye lake: "Kaka, wamenitoa kwenye bendi. Hakuna aliyeniambia kosa langu. Nataka ninunue besi ya nyuzi tano, ile ya betri, wakinisikia wanitafute wenyewe. Ninunue ipi?"

Niliusikiliza mara mbili. Mara ya pili kifua kilinibana, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nayo mimi mwaka 2013, ila sikuwa na mtu wa kumtumia.

Mdogo wangu, gitaa la besi nitalifikia. Nisikilize kwanza.

Mwaka ule niliuza pikipiki. Nikaenda Dar, nikashuka Kariakoo, nikarudi Tanga na besi ya nyuzi 5 mgongoni. Wewe uko kwenye bendi, unajua maana yake. Bendi nyingi za kwetu mwanamuziki hana chombo. Yuko mwenye vyombo, na mkikosana unaondoka na vidole vyako tu. Mimi nilikuwa na changu. Siku niliyoingia nacho mazoezini Makorora, hata mpiga solo aliacha kufunga nyuzi zake akasogea kuangalia.

Tangu siku hiyo nikaanza kupiga maneno mengi. Kila pengo la wimbo nililijaza. Mwimbaji akivuta pumzi, mimi nimeshapanda na kushuka shingo nzima ya gitaa. Kiongozi wetu, mtu mzima asiye na makelele, aliniambia mara moja tu: "Punguza maneno, mwanangu." Nikajibu, "Sawa, mzee." Sikupunguza. Moyoni nilisema ananionea wivu.

Kisha ikaja ile harusi. Dada yetu anaimba taarabu, mwendo wa chakacha, na kinamama wamepanga foleni kumtunza. Anayejua taarabu anajua kwamba mama haendi mbele na noti yake ya pesa kwa sababu sauti ni tamu tu. Kuna kauli kwenye ubeti anayoitaka, na kuna mtu ukumbini anataka aisikie. Mama mmoja alifika mbele, mkono umeinuliwa, na kauli yake ndiyo inaingia. Hapo hapo nikamwaga noti zangu zote za besi nilizojifunza mwezi ule. Kauli ikazama. Mama akabaki na mkono juu, akangoja, kisha akarudi kukaa na noti yake. Dada akageuka akanitazama. Mimi nikamtabasamulia, nikidhani ananisifu.

Saa nane usiku muziki ulipokwisha, nilitia besi kwenye mfuko, nikaita bodaboda, nikaenda kulala. Spika zilikuwa bado zipo jukwaani na wenzangu wanakunja waya.

Jumamosi iliyofuata tulikubaliana wanichukue Ngamiani, barabara ya 12, saa nane mchana. Nilisimama pale na gitaa langu, shati limepigwa pasi. Saa tisa. Saa tisa na nusu Noah ya bendi ikapita mbele yangu, vyombo juu vimefungwa kamba. Kiti cha mbele amekaa kijana nisiyemjua, deiwaka, besi ya mwenye vyombo iko katikati ya magoti yake. Niliinua mkono. Gari halikupunguza hata mwendo. Nilisimama pale hadi karibu na magharibi, nikijiambia wamesahau, watageuza. Hadi leo nikipita kona ile natembea haraka. Kosa lilikuwa langu na nalikubali, lakini mtu mzima mwenzako unamwambia. Hata ujumbe mfupi. Hata tusi. Kama wewe ni kiongozi wa bendi na unasoma hapa, usimfanyie mtu vile.

Miaka mitatu iliyofuata niliuza vipuri dukani kwa shemeji yangu na sina la kusimulia.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja wa Ngamiani aliyepiga besi za taarabu tangu ujana wake. Hakunifundisha noti hata moja mpya. Alinipa wimbo mmoja na kuniruhusu noti mbili, jioni nzima, nikikaa nimeelekeza sikio kwenye mguu wa mpiga drams. "Ule mguu ukigonga, wewe uwepo. Usipogonga, una sababu gani?" Nikiongeza noti ya tatu ananyanyuka kwenda kunywa maji, tunaanza upya. Kwa rumba alinisisitizia mapengo: mchezaji anaingiza mguu pale ulipoacha wazi, ukipaziba umemkanyaga.

Na hapa niseme jambo linaloniuma kama mtu wa Tanga. Mji huu si wa kujifunzia besi kwa fujo. Black Star Musical Club, miaka ya 1960, ndio walioiweka taarabu kwenye kundi dogo lenye gitaa la umeme na besi, wakati wengine walitegemea okestra kubwa za vinanda na fidla. Ndugu wa Kinyonga waliokuja kuvuma Kenya na bendi ya Simba Wanyika walipitia bendi ya Jamhuri Jazz ya hapa hapa. Kasikilize besi za rekodi hizo. Noti chache, na kila moja imekaa mahali pake kama mlango kwenye fremu. Tumeachiwa urithi huo, halafu sisi tunashindana nani ana nyuzi nyingi.

Sasa gitaa. Nunua la nyuzi 4, lisilo na betri. Besi ya umeme ya Fender ilitoka mwaka 1951 na nyuzi nne, E, A, D, G, na hadi leo nyimbo utakazopiga harusini zinatoshea humo. Ya betri, ile ambayo sauti inapewa nguvu na betri iliyo ndani ya gitaa, ina raha yake, lakini waya ukiwa umechomekwa betri inatumika. Ukizoea kuusahau, betri ya volti 9 inaisha mapema na siku moja unakuwa bubu mbele ya watu. Kama tayari unayo, chomoa waya kila ukimaliza na uwe na betri ya pili mfukoni. Upepo wa bahari hapa kwetu unakula nyuzi, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Zikififia na huna hela ya mpya, zifungue uzichemshe kwenye sufuria dakika kumi, uzikaushe vizuri, uzirudishe. Sauti itachangamka kwa siku kadhaa. Na waya wa gitaa uwe wako. Narudia, waya uwe wako, na wa akiba uwepo.

Usichomeke besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la solo ukafungulia. Utapasua spika ya mwenzako, na hiyo ni deni na ugomvi.

Sauti ndiyo inayofukuzisha watu wengi. Uzi mnene wa E unatikisika mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wewe uliyesimama jukwaani karibu na spika unaweza kuona hujisikii, ukaongeza. Kule nyuma ukumbini, hasa karibu na kuta na kona, besi inanguruma hadi watu hawasikii maneno. Kwa hiyo wakati wa kujaribu mitambo mwombe mtu apige, wewe teremka, tembea hadi mlangoni usikilize. Kisha punguza kidogo kuliko unavyotaka. Fundi mitambo akikwambia shusha, shusha bila kubishana. Mwimbaji akiongea na watu kati ya nyimbo, mkono juu ya nyuzi, kimya. Mwimbaji akikwambia leo ameamka na koo bovu, wimbo ushushwe kwenye noti za chini zaidi, ushushe. Mwimbaji ana koo moja.

Na usiondoke kabla ya spika ya mwisho kuingia garini. Hili ningeliandika mara kumi. Watu wanakumbuka ulipiga nini kwa wiki moja. Aliyewaacha wanabeba wanamkumbuka miaka.

Mwezi uliopita simu iliita, namba niliyokuwa nimeifuta lakini naijua kwa kichwa. Kiongozi wangu wa zamani. Mpiga besi wake anaumwa, ana harusi kesho yake. "Unayo nafasi?" Nikamsalimu, nikasema ninayo. "Waya unao?" Nikasema ninao wawili. Nilipiga usiku mzima kwa noti chache nilizofundishwa, nikakunja waya, nikabeba spika upande wa pili yeye akiwa upande wa kwanza. Alinilipa pesa kamili kabla sijadai. Kuhusu ile Jumamosi hakusema kitu, na mimi sikumuuliza. Nilitaka kumuuliza. Nilikuwa nayo mdomoni hadi gari lilipoondoka.

Mdogo wangu, hao waliokutoa wapigie simu, uliza umekosa nini, kisha nyamaza usikie. Usijitetee. Mimi sikuuliza, na imenigharimu miaka.

Jumamosi tuna harusi Pongwe. Vyombo tunashusha saa tisa alasiri. Gitaa liache nyumbani, njoo na mikono.