Hiyo dola 10 na senti 70 unayoizidisha

Dogo, voisi yako ya dakika 4 uliyotupia kwenye grupu la ukoo nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza kwenye basi, ya pili nimejifungia chooni kazini, ya tatu usiku nikakosa usingizi kabisa. Umesema kaka yako huku Marekani analipwa dola 10 na senti 70 kwa saa, ukazidisha kwa shilingi 2,500 za kila dola, ukazidisha kwa masaa 8, ukazidisha kwa siku 30, ukapata milioni 6 na laki 4 kwa mwezi, halafu ukauliza mbele ya mashangazi wote kwamba mtu wa milioni 6 anashindwaje kumnunulia mdogo wake pikipiki, tena wakati shamba la mzee liko rehani mwaka wa tatu huu. Shangazi akaweka kile kikatuni cha kulia. Haya, umeuliza hadharani basi na mi najibu hadharani, watu wa Muheza wote someni.

Kwanza kosa ni langu. Ile picha ya mwaka juzi nimeegemea gari jekundu, lile gari si langu. Ni la jirani yangu mmoja Mkongo wa Uvira, nilimwomba nipige picha nikiwa nimetoka kununua koti la mtumba, nikaituma kwa mama ili alale vizuri. Mama akaionyesha kanisani, kanisa likaionyesha sokoni, leo nina gari. Na nilimwambia mama nafanya "kampuni ya vyakula". Sikudanganya sana, ni kampuni na ni vyakula.

Nakaanga chipsi. Hapa Columbus, Ohio, kwenye duka la baga lililopo barabarani karibu na daraja, mimi niliyesimama mbele ya kidato cha pili miaka 6 nikifundisha Kiingereza, nikaacha ajira ya serikali ambayo wewe na digrii yako mnaisubiria mpaka leo. Aliyenifundisha kazi ni binti wa miaka 17, supavaiza wangu, alikuwa bado anasoma sekondari. Siku ya kwanza alinionyesha namna ya kukung'uta kile kikapu cha chuma na jinsi ya kusikiliza mlio, maana chipsi zikitoka kwenye mafuta saa inaanza kuhesabu dakika 7, ikilia zinamwagwa, hata kama ni sinia zima na hata kama una njaa. Ukionekana umetia moja mdomoni bila kulipia unaandikwa onyo. Nimemwaga viazi mimi dogo, viazi ambavyo vingelisha msiba mzima wa kwetu, nimemwaga kwenye pipa jeusi huku tumbo linanguruma. Mwanzoni nilikuwa naumia kweli, sasa hivi mkono unamwaga wenyewe.

Halafu wakanipeleka dirisha la magari, unavaa kidude masikioni unaongea na mtu usiyemuona. Mama mmoja aliagiza, nikamrudishia oda yake kwa Kiingereza safi kabisa kile cha ubaoni, akasema naomba uniletee mtu anayejua Kiingereza. Yule binti akacheka kidogo, akachukua hedseti. Nilirudi kwenye mafuta nikasimama pale nikakumbuka wanafunzi wangu niliokuwa nawacheka wakisema "he go". Basi hilo nimekwambia wewe tu, na grupu zima.

Ila tuache fedheha, fedheha haijaniua. Mafuta yameniunguza hapa kwenye mkono kama madoa ya chui, nayo hayajaniua. Kinachoniua ni masaa, na hapo ndo hesabu yako inapoharibika.

Wewe umezidisha masaa 8 kwa siku 30. Nani kakwambia napewa masaa 8? Huku hulipwi mwezi, unalipwa saa uliyosimama. Ratiba inatoka Alhamisi, wiki hii una masaa 34, ijayo 22. Umefika kazini umevaa kofia, mvua ikanyesha magari hayaji, meneja anakuja anakwambia leo nenda tu nyumbani, unagonga namba yako kwenye mashine na hela inasimama palepale, na nauli ushatumia. Nikipiga wastani wa mwaka napata masaa 28 kwa wiki. Na kima cha chini chenyewe cha mshahara kwa saa, nilipofika mwezi wa nane 2023 kilikuwa dola 10 na senti 10, Januari 2024 serikali ya jimbo ikapandisha senti 35, Januari 2025 senti 25. Hiyo ndo promosheni yangu ya miaka miwili, na imeletwa na sheria, siyo na meneja.

Sasa toa, maana wewe unajua kuzidisha tu. Masaa 28 kwa wiki, wiki mbili ni dola 599. Mfuko wa uzeeni wa Marekani na bima yake wanakata karibu 46, jiji la Columbus nalo lina kodi yake ya asilimia 2 na nusu, wanakata 15, mkononi inaingia kama 538. Kwa mwezi sema 1,166. Chumba 430, na hapo tumepanga watatu. Basi 62. Chakula 180 na nakula wali maharage kama niko bwenini. Simu 25. Mama 120, hiyo laki 3 ambayo haijawahi kukosa hata mwezi mmoja na hakuna shangazi aliyewahi kuitaja. Upatu 250. Inabaki dola 99, hapo bado sabuni, viatu vya kutoteleza (bila hivyo huruhusiwi kuingia jikoni), kufua kwa mashine za sarafu, na msiba. Na misiba ya kwetu mnavyonitumia mimi, ningekuwa nahudhuria yote ningeshakuwa mchungaji.

Najua utauliza kwa nini nisihame, maana hata hapa Columbus kuna maduka ya baga yanayolipa zaidi, na maghala ya mizigo ndo kabisa. Ni kweli. Sikiliza, mtu yeyote akija huku asifanye nilivyofanya, aende ghala siku ya kwanza, asiguse jikoni. Lakini maghala yako nje ya mji, shifti inaisha usiku wa manane basi hamna, inataka gari. Gari la mkopo na bima yake ya kila mwezi, jamaa yangu mmoja alichukua, sasa hivi anafanya kazi ghalani ili alipe gari linalompeleka ghalani. Mi nilipiga hesabu nikaona nikinunua gari, shamba la mzee limekwenda. Labda nilikosea. Usiku nikitembea dakika 50 kwa mguu saa 8 nimetoka kufunga duka, Januari ile ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, kope zinagandana kabisa, nilikuwa najiambia mjinga wewe, mjinga wewe, ungenunua gari. Asubuhi nikiamka najiona nina akili tena.

Kazi mbili? Nilijaribu. Ratiba ya huku inabadilika kila wiki, ya kule inabadilika kila wiki, nikafukuzwa kule.

Sasa kuhusu shamba, kwa sababu hilo ndo limeniuma. Mnaongea kama vile ziliwekwa rehani ekari 6 za michungwa ili mimi nipande ndege. Milioni 20, tuzihesabu: milioni 8 deni la hospitali la mzee, milioni 5 chuo cha dada yenu, milioni 7 safari yangu, na kwenye hizo 7 kuna ada ya viza dola 330, vipimo, tiketi, na hela kidogo ya kuanzia. Sikatai, 7 ni zangu. Ila makubaliano na yule mzee mwenye hela aliyetukopesha tulisikia wote tukiwa barazani, anavuna machungwa miaka 3 ndo faida yake, milioni 20 apewe kwa mkupuo, hataki nusunusu, mwisho mwezi wa nane 2026. Mimi lengo langu tangu nimeshuka uwanja wa ndege ni moja tu, dola 8,000. Sijaja kutafuta maisha, nimekuja kukomboa michungwa.

Tangu nifike mpaka 2023 inaisha niliweka akiba kwenye simu na sikufikisha hata dola 100. Hela ikikaa kwenye simu inasikia. Inasikia kuwa bati limeezuliwa, inasikia mtoto wa mama mdogo amerudishwa ada, inaondoka. Na mi siwezi kusema hapana, nikisema hapana silali, nikituma pia silali. Aliyeniokoa ni bibi mmoja niliyemkuta kwenye zile mashine za kufulia. Nilimsikia anamgombeza mjukuu, lugha naielewa nusu, nikadhani nimechanganyikiwa kwa baridi. Kizigua! Columbus! Kumbe ni wale Wazigua wa Somalia, mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka huko kwetu karne ya 19, wakakaa Mto Juba, vita ikawatoa, Marekani ikawapokea wengi kuanzia 2003 na 2004. Mi Mbondei nikamsalimia kibondei changu cha kuombea maji, akaniangalia kama ameona mzimu. Nikamweleza habari ya masaa, mafuta, shamba, nikategemea anionee huruma. Akaniambia, sisi shamba letu liliondoka na hakuna aliyeandika karatasi, wewe lako lina tarehe, unalia nini. Wiki ileile akaniingiza kwenye upatu wao.

Watu 10, kila mtu 250 kila mwezi, zamu yako unabeba 2,500. Uzuri wa upatu dogo si riba, riba hamna. Uzuri ni kwamba ile 250 si yako tena. Mtu akipiga simu bati limeezuliwa unamwambia kwa moyo safi sina, na kweli huna, iko kwa mama fulani Msomali na ukichelewa siku moja anakuja kazini kwako anasimama kwenye foleni ya wateja, anaagiza chai, anakuangalia. Nimeshabeba mara mbili. Dola elfu 5 ziko benki, programu ya hiyo benki nimeifuta kwenye simu, kadi nimempa bibi Mzigua aifungie kwenye sanduku lake. Kodi waliyonirudishia na vijisenti vingine 600. Jumla 5,600. Zamu yangu ya tatu ni mwezi wa tatu mwakani, 2026, zitafika 8,100, hapo lengo limevukwa na dola 100 za juu, kama sitaumwa, kama hawatanipunguzia masaa, kama hamtaniua kwa presha kwenye hilo grupu.

Ndo maana pikipiki sikununulii. Siyo kwamba sina huruma na wewe, unakaa na digrii unacheza drafti stendi na najua ilivyo. Ila nikivunja hiyo akiba kwa ajili yako sasa, nitavunja na kwa dada, halafu mwezi wa nane tutakaa wote barazani tunamwangalia mtu mwingine anang'oa michungwa anapanda mahindi.

Na ukiniuliza uje huku? Usije. Una mama hapo, una lugha, mtu akikuona asubuhi anakusalimia kwa jina. Huku nimemaliza wiki nzima jina langu likitajwa na mashine tu. Lakini ukipata nafasi njoo bwana, usinisikilize mimi, mi nina uchungu wa leo. Njoo na leseni ya udereva na uzoefu wa kuendesha, siyo na vyeti vyako vya fasihi, vya kwangu viko chini ya godoro na hakuna aliyewahi kuviomba. Na ule mtandao wa watu wa steshenari wanaokuambia wana njia ya viza kwa laki 5, mmoja alinichaji mimi kujaza fomu ya bahati nasibu ya viza ambayo mwaka ule ilikuwa bure kabisa, usiwape hata mia. Na usikope. Na kama utakopa, usiweke shamba.

Na mtu asimwambie mama habari ya mafuta. Nimeandika hapa kwa sababu yeye hayuko kwenye grupu, nikisikia ameambiwa nitajua ni nani, shangazi nakuangalia wewe.

Nimekutumia elfu 80 kwenye namba yako sasa hivi. Siyo ya pikipiki. Panda boda kesho asubuhi nenda shambani, nasikia yule mzee mwenye hela ameanza kukata miti ya upande wa mtoni, na kwenye makubaliano kukata hakumo. Hesabu michungwa yote, mmoja mmoja, usikadirie, ilikuwa 412 siku tunakabidhi. Piga picha za visiki kama vipo, halafu nitumie mimi peke yangu, nitaziangalia saa 10 alfajiri kwa saa zenu nikitoka kwenye shifti.