Dokta, kipande kimekatika: niuze kiwanja?

SWALI: Shikamoo dokta. Ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma, nina miaka 41. Wiki ya saba sasa maumivu yanashuka kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto, kama napigwa shoti. Ripoti ya picha ya MRI inasema diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, imechomoka pale L4/L5 chini kiunoni, kipande kimekatika na kushuka. Ndugu wanataka niuze kiwanja nikapasuliwe. Picha haiwezi kuonyesha kama nitapona bila kisu?

JIBU: Marahaba. Kiwanja kiache kwanza.

Najua neno "kimekatika" lilivyokutisha. Hata mimi zamani nilikuwa nikilisoma mbele ya mgonjwa kwa uso wa msibani, kumbe katika ripoti kama yako ndilo lenye heri. Diski iliyovimba tu bado imo ndani ya ganda lake, damu haiifikii vizuri. Kipande kilichotoka nje, mwili hukiona mgeni: vimishipa vya damu hukizingira, chembe za kinga zikakila taratibu. Uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2015 ulikuta vipande vilivyokatika hunywea kwa 96% ya wagonjwa. Diski zilizovimba tu, 13%. Ukiwa umepigwa picha kwa sindano ya gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, natafuta pete nyeupe kukizunguka kipande. Ukiiona pete, ujue mlo umeshaanza.

Ila picha hutabiri kipande, si mguu. Uholanzi walirudia MRI za wagonjwa wa sayatika, maumivu ya kushuka mguuni kama yako, baada ya mwaka: diski bado ilionekana imetokeza kwa 35% ya waliopata nafuu na 33% ya wasiopata. Kwa hiyo usimalize hela kwa kurudia picha.

Mguu tuupime hapo hapo nyumbani. Vua viatu, tembea kwa visigino hatua kumi. Kisha inua kidole gumba, mtu akikandamize kwa mkono. Kikimkatalia, una muda: dawa, mazoezi ya fiziotherapia, na usukani mpe mwenzako. Kikilegea, au unyayo ukiburuza, muone daktari wa upasuaji wiki hii hii.

Mkojo ukigoma kutoka, au ganzi ikiingia makalioni na sehemu za siri, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane za usiku. Hapo usimsubiri hata mnunuzi wa kiwanja.