Maswali na Majibu: Herufi Zisisafiri Moja Moja

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: kuandika kwa programu mafaili ya XML (data iliyopangwa ndani ya tagi, yaani majina yanayofungua na kufunga kila kipande), na kwa nini kazi ya dakika chache inakula mchana mzima. Nyingi zimetoka hapa Lamu, moja Malindi. Nimezipanga ili jibu la kwanza liwafae na wanaofuata.

Maalim, assalaam aleikum. Mimi ni karani wa mizigo. Programu yangu, iliyoandikwa kwa lugha ya Java, inaandika orodha ya fito, pau, boriti na nguzo zinazopakiwa majahazini, kila shehena na tagi zake. Naunganisha vyote kwenye mfuatano mmoja wa herufi kwa alama ya kujumlisha, kisha mwisho naandika faili. Orodha fupi haina taabu, ndefu inaganda. — Langoni, Lamu

Wa aleikum salaam. Taabu yako inaanza kabla diski haijaguswa. Mfuatano wa herufi katika Java ukishaumbwa haubadiliki. Kila unapoongeza kipande ndani ya kitanzi, mashine inaumba mfuatano mpya na kunakili upya yote yaliyotangulia. Chukua vipande 1,000 vya herufi 100 kila kimoja. Faili litakuwa na herufi 100,000 tu, lakini mashine itakuwa imenakili zaidi ya milioni 50. Ongeza vipande mara mbili, kazi inaongezeka mara nne. Ndiyo maana orodha fupi haikukuonyesha kitu.

StringBuilder, chombo cha Java cha kuunganisha herufi bila kunakili upya kila mara, itaponya hilo, ila bado utakuwa umelundika faili zima kwenye kumbukumbu hadi mwisho. XML inaandikwa kutoka juu kwenda chini. Tagi ikishafunguliwa haina la kusubiri, basi ipeleke kwenye faili papo hapo.

Papo hapo, lakini si moja moja. Anayeshusha mchanga gatini hampeleki punda mjini kwa koleo moja. Anajaza shogi pande zote mbili ndipo anamwondoa. Bafa ni shogi hilo: safu ya herufi kwenye kumbukumbu, ikijaa inapelekwa yote kwa safari moja. Gharama iko kwenye safari kuliko kwenye herufi, kwa sababu kila safari programu yako inasimama na kuuomba mfumo endeshi (kama Windows au Linux) uifanyie kazi.

Katika Java panga hivi: FileOutputStream chini kabisa, juu yake OutputStreamWriter inayogeuza herufi kuwa baiti, juu yake BufferedWriter. Wengine huiona hiyo ya juu kuwa ya ziada, kwa kuwa OutputStreamWriter ina akiba yake ndogo ya baiti. Ni kweli inayo, lakini kila ukiita write, amri ya kuandika, unaiamsha kazi ya kugeuza herufi, hata kwa herufi moja. Maelezo ya Java yenyewe yanashauri kuifunika kwa BufferedWriter kwa sababu hiyo.

Je, bafa iwe kubwa kiasi gani? Nimeweka ya herufi milioni moja na sioni tofauti. — Mkomani, Lamu

Hutaiona. BufferedWriter huja na nafasi ya herufi 8192, na kwa kazi nyingi inatosha. Faili la herufi 10,485,760 likiandikwa moja moja bila bafa ni safari zaidi ya milioni kumi. Kwa bafa ya 8192 ni safari 1,280. Kwa bafa ya 65,536 ni safari 160. Faida yote imo kwenye hatua ya kwanza. Iache 8192.

Maalim, nasafisha maandishi, alama zake zisidhaniwe ni za tagi, kwa kubadilisha alama moja baada ya nyingine: kwanza <, kisha >, kisha nukuu, mwisho &. "Samaki & barafu" inatoka vizuri, lakini penye < msomaji anaona &lt; kama ilivyo. Na kazi yenyewe ni ya polepole. — Shela

Kosa ni mpangilio. Alama ya < imeshakuwa &lt;, kisha mwishoni ukaibadilisha & iliyo ndani yake, ikawa &amp;lt;. Ukiendelea na njia hii, & lazima iwe ya kwanza.

Lakini nisingependa uishie hapo, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza muda wakidhani diski ndiyo nzito. Mara nne unayapitia maandishi kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila alama inapopatikana unaumba nakala mpya. Yatazame maandishi yenyewe: "boriti korija tano", "mafuta ya taa", jina la nahodha. Mara nyingi hamna hata alama moja ya kubadilishwa. Programu nzuri inaupa mwendo huu wa kawaida njia nyepesi kuliko zote.

Pita mara moja tu. Shika namba ya mahali kipande safi kilipoanzia, kisha tembea herufi kwa herufi bila kuandika chochote. Ukikutana na alama ya kubadilishwa, andika kipande chote safi kilichotangulia kwa mwito mmoja wa write, ule unaopokea mfuatano, mahali pa kuanzia na urefu. Andika &amp; au &lt; yake, sogeza mwanzo mbele, endelea. Mwisho andika kilichobaki. Maneno yasiyo na alama yoyote yatatoka kwa mwito mmoja, bila nakala ya kati.

Utauliza: si nimeshaweka BufferedWriter, kwa nini nisiipe herufi moja moja yenyewe ikusanye? Kwa sababu kila mwito unachukua kufuli (ili sehemu mbili za programu zisiandike kwa pamoja), unakagua kama mlango uko wazi, unakagua nafasi, ndipo unaweka herufi moja. Safari za diski zimepungua, sawa, lakini umebaki na mamilioni ya kufuli za kufungua na kufunga. Ukitaka kwenda mbali zaidi, tengeneza safu yako mwenyewe ya herufi 8192 na umwage vipande safi humo kwa getChars ya mfuatano. Nafasi isipotosha, toa kilichomo kwanza. Na kipande kikiwa kirefu kuliko safu nzima, usikikatekate: toa kilichomo, kisha kipeleke kipande chenyewe moja kwa moja kwenye ngazi ya chini.

Kuitambua alama haraka, andaa jedwali la nafasi 128 za ndiyo au hapana, moja kwa kila herufi ya ASCII, orodha ya msingi ya herufi za Kilatini, tarakimu na alama. Nasema majedwali mawili, kwa sababu maandishi ya kati ya tagi na thamani ya sifa (maelezo yanayowekwa ndani ya tagi, kama jina="Ali") havina sheria moja. Katika maandishi, & na < lazima zibadilishwe. Alama ya > inalazimika pale tu inapofuata ]] , ila mimi huibadilisha siku zote, nisilazimike kutazama nyuma. Katika sifa inaongezeka nukuu inayozifunga. Tena zinaongezeka tabo na mstari mpya, ambazo wengi huzisahau: msomaji wa XML, yaani programu inayoisoma, akizikuta wazi ndani ya sifa atazigeuza nafasi tupu, na anwani uliyoipanga kwa mistari mitatu itafika mstari mmoja. Ziandike &#9; na &#10;. Ile herufi ya 13, kurudi mwanzo wa mstari, iandike &#13; kila mahali.

Kuna jingine. Herufi ambazo namba yake iko chini ya 32, isipokuwa 9, 10 na 13, hazikubaliki kabisa katika XML 1.0, hata ukiziandika kwa namba. Wapo wanaozifuta kimyakimya. Mimi nataka programu isimame na kusema ni rekodi ipi, kwa sababu herufi kama hiyo ndani ya jina la mtu ni dalili kwamba data imeharibika huko ilikotoka, na aliyeifuta ameficha ugonjwa.

Faili langu linakatika katikati ya tagi, na hakuna ujumbe wa kosa. Nimepima ukubwa: mara baiti 16384, mara 24576. — Langoni, Lamu

Namba hizo ni ushahidi tosha. Zote zinagawanyika kwa 8192, yaani bafa zilizojaa zilisafiri, ya mwisho ambayo haikujaa ikabaki. Hukuifunga BufferedWriter mwishoni.

Yalinipata haya nilipokuwa nikiandaa orodha ya hati za ofisi moja hapa mjini. Nilikabidhi faili bila kulifungua nikautazama mwisho wake. Rekodi za mwisho zilikuwa bado ndani ya bafa programu ilipozimika, na aliyezitafuta hakuziona, akaamini hati zenyewe zimepotea. Siku mbili makabati yalipekuliwa. Tangu hapo silikabidhi faili la XML kabla ya kulisomesha lote kwa programu ya kusoma XML, maana lililokatika litakataliwa hapo hapo.

Tangu Java 7 ya mwaka 2011, ukiifungua Writer yako (hapa BufferedWriter) kwenye kichwa cha try, yaani ndani ya mabano yake, inafungwa yenyewe hata kosa likitokea katikati. Ila jihadhari na XMLStreamWriter, chombo cha Java cha kuandika tagi za XML. Hiyo haikubali kuwekwa kwenye kichwa cha try, na close yake haifungi mkondo ulio chini yake. Basi Writer ndiyo iwe kichwani, na ndani, kabla hujatoka, iite flush (amri ya kutoa kilichomo kwenye bafa) na close (ya kufunga) ya XMLStreamWriter. Pia usiandike kitu moja kwa moja kwenye Writer ya chini wakati ya juu bado ina herufi tumboni. Uliyoyaandika baadaye yatatangulia kufika.

Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua: flush inakabidhi herufi kwa mfumo endeshi, haiahidi kwamba zimeshaandikwa kwenye diski. Kwa faili lisilostahimili kupotea, ita force ya FileChannel, inayolazimisha yaandikwe kwenye diski. Andika kwanza kwa jina la muda, na likikamilika ndipo ulibadilishe jina ndani ya folda ileile. Umeme ukikatika katikati, faili la jana bado liko zima.

Shikamoo Maalim. Natumia Python, natuma bei za samaki kwa mtandao kwa XML. Mpokeaji alilalamika zinakuja kwa mikupuo, nikaweka flush baada ya kila tagi. Sasa mashine inalemewa. — Malindi

Marahaba. Boti ya Mokowe husubiri abiria watimie, lakini akiletwa mgonjwa inang'oa nanga na viti vitupu. Kwako mgonjwa ni rekodi iliyokamilika, na tagi moja haimfai mpokeaji kwa lolote. Ita flush rekodi ikishafungwa. Rekodi zikija nyingi kwa pamoja, kusanya kadhaa au subiri sekunde moja. Kama unajenga mti mzima, yaani XML yote kwenye kumbukumbu, kwa ElementTree ya Python kabla ya kutuma, hapo tena unamsubirisha mpokeaji bure. XMLGenerator, iliyo ndani ya xml.sax.saxutils, inatoa elementi (tagi na kilichomo ndani yake) moja baada ya nyingine. Ukisafisha mwenyewe, kumbuka escape ya humo haigusi nukuu. Kwa sifa tumia quoteattr.

Maalim, nimenakili tungo za babu yetu kutoka hati zake za herufi za Kiarabu. Kwenye kompyuta moja XML inatoka sawasawa, kwenye nyingine ni alama za kuuliza tupu. Je, ni bafa ndogo, maana herufi hizi ni nzito zaidi? — Mkomani, Lamu

Mwanangu, barua hii nimeisoma mara mbili. Bafa haina hatia, ingawa umeona sawa kuhusu uzito. Katika UTF-8, moja ya kanuni za kugeuza herufi kuwa baiti (usimbaji), herufi ya Kilatini kama a ni baiti moja; herufi za Kiarabu ni baiti mbili kila moja, zikiwemo پ na چ ambazo Kiswahili kinazihitaji. Irabu nazo zinahesabiwa peke yake: fataha iliyo juu ya herufi ni herufi nyingine, baiti mbili nyingine. Kwa hiyo bafa ya herufi 8192 ikijaa utenzi inaweza kutoa baiti 16,384. Haidhuru kitu. Inadhuru pale mtu anapojigeuzia herufi kuwa baiti kipande kwa kipande: emoji nyingi huchukua nafasi mbili za herufi katika Java, na ukikata katikati yake pande zote mbili zinaharibika. Mwachie OutputStreamWriter, anajua kushika nusu ya kwanza hadi ya pili ifike.

Alama za kuuliza zinatoka kwingine. Nadhani umefungua faili kwa FileWriter bila kutaja usimbaji. Hadi Java 17 FileWriter ilifuata desturi ya mashine. Java 18, mwaka 2022, ndiyo iliyoifanya UTF-8 kuwa desturi kila mahali. Kompyuta ya pili pengine ni Windows yenye Java ya zamani, inayotumia Windows-1252, usimbaji wa herufi za Kilatini, na humo hamna herufi hata moja ya Kiarabu. Kila asiyoijua anaiandikia alama ya kuuliza. Juu ya faili umeandika kwamba ni UTF-8, na msomaji wa XML hatalalamika, kwa kuwa alama ya kuuliza ni herufi halali. Taja UTF-8 wewe mwenyewe unapofungua OutputStreamWriter, kwenye mashine zote mbili.

Faili la kompyuta ya kwanza linakili leo mahali pawili. Lile la pili halina cha kuokoa: herufi hazikufichwa nyuma ya alama za kuuliza, hazimo kabisa. Kama kuna tungo uliyoiandika kwenye kompyuta ya pili peke yake, usiirudishe hati ya babu sandukuni bado. Utaihitaji kuandika upya.