Daktari wa Mifugo Anajibu: Dawa za Minyoo kwa Farasi

SWALI: Daktari, nina farasi watatu wazima wanaokula katika malisho mamoja. Kila baada ya miezi miwili huwapa wote dawa ya minyoo ya kumeza, na kila mara hununua dawa yenye jina jingine ili minyoo isiizoee. Bomba moja la dawa huwagawia wawili, kwa kuwa si wakubwa sana. Hata hivyo mmoja anazidi kukonda. Je, nimwongezee dawa?

JIBU: Usimwongezee kwanza. Farasi hukonda pia kwa meno mabovu, kwa chakula kisichotosha au kwa maradhi mengine kabisa, na kumrundikia dawa kabla ya kujua kinachomsumbua ni kuchelewesha tiba anayoihitaji. Mwite daktari amchunguze. Wakati huohuo, chukua kinyesi kibichi cha kila farasi, kila kimoja katika mfuko wake ulioandikwa jina, ukihifadhi mahali pa baridi na ukifikishe maabara mapema ili mayai ya minyoo yahesabiwe.

Desturi ya kuwapa farasi wote dawa kila miezi miwili ilienea kuanzia miaka ya 1960, wakati adui aliyeogopwa zaidi alikuwa Strongylus vulgaris, mnyoo ambaye mabuu yake huingia katika mishipa ya damu ya utumbo na kuleta msokoto wa tumbo unaoweza kuua. Ilifaa kwa wakati wake. Leo wanaosumbua zaidi farasi wazima ni minyoo midogo ya kundi la Cyathostominae, ambayo katika sehemu nyingi za dunia imekwisha kuwa sugu kwa fenbendazoli, mojawapo ya dawa za minyoo, na kila dozi isiyo ya lazima huipa nafasi ya kuzizoea na dawa zilizosalia. Kubadilisha jina la dawa hakuzuii jambo hilo. Mara nyingi maboksi mawili yenye picha na rangi tofauti hubeba kiini kilekile, yaani kemikali ileile inayoua minyoo, kiwe ivermektini au kingine, nawe ukadhani umebadilisha.

Hesabu ya mayai ndiyo itakayokuonyesha nani anahitaji nini. Katika kundi la farasi wazima, takriban asilimia 20 ndio humwaga karibu asilimia 80 ya mayai yote malishoni. Asiyefikisha mayai 200 kwa gramu ya kinyesi kwa kawaida hatibiwi mara kwa mara, ila dozi ya msingi ya mara moja au mbili kwa mwaka ambayo daktari atakupangia. Kipimo hiki kina upungufu wake: hakionyeshi mabuu yaliyojificha katika ukuta wa utumbo, na tegu mara nyingi humponyoka mpimaji, kwa hiyo majibu yasomwe na daktari anayejua umri na historia ya farasi wako.

Kugawa bomba moja kwa farasi wawili bila kuwapima ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Dozi pungufu huua minyoo dhaifu na kuwaacha hai wale sugu wazaliane. Macho ya mtu, hata aliyelelewa na farasi, hukosea uzito. Kama huna mizani, pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawa kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa sentimita 150 atakuwa na kilo 365 hivi. Tega pete ya bomba kwenye uzito huo na uhakikishe imekaza, kwa sababu pete iliyolegea huachia dawa yote kwa mkupuo. Kinywa kisiwe na nyasi. Ingiza bomba pembeni, penye nafasi isiyo na meno, sukuma dawa juu ya shina la ulimi, kisha inua kichwa hadi ameze. Akiitema nusu, hukumpa dozi.

Baada ya siku 10 hadi 14 rudia kuhesabu mayai ya waliotibiwa. Yasiposhuka inavyotarajiwa ingawa dozi ilikuwa sahihi, huenda dawa hiyo haifai tena malishoni kwako.

SWALI: Mtoto wa farasi wangu ana miezi mitatu. Naweza kumpa moksidektini iliyobaki kwa mama yake?

JIBU: Hapana. Lebo za dawa hiyo huweka mpaka wa miezi 4, nyingine miezi 6. Moksidektini hujihifadhi katika mafuta ya mwili, na mtoto hana mafuta ya kutosha. Inapomzidi husinzia, hupepesuka, mdomo wa chini hulegea, na huenda akashindwa kusimama. Farasi aliyekonda sana yumo katika hatari hiyohiyo, jambo ambalo msomaji wetu wa kwanza pia alizingatie.

Mnyoo wa kuogopwa katika umri huo ni Parascaris, ambaye mahali pengi amekuwa sugu kwa ivermektini. Madaktari wengi huanza na fenbendazoli katika miezi 2 hadi 3. Mtoto mwenye tumbo kubwa na manyoya yaliyofifia asipewe dawa bila daktari: minyoo mingi ikifa kwa pamoja huweza kuziba utumbo mwembamba. Akijiviringisha, akitazama ubavu wake au akiacha kula baada ya dozi, usingoje kesho.

SWALI: Naweza kumdunga farasi ivermektini ya ng'ombe? Na mbwa wangu alilamba dawa iliyodondoka, nifanyeje?

JIBU: Usimdunge. Ivermektini ya kudunga farasi iliwahi kuuzwa, ikaondolewa baada ya kuleta madhara, yakiwamo maambukizi ya bakteria wa Clostridium mahali palipodungwa. Kuhusu mbwa, dawa ya farasi ni nzito mno kwake, na mbwa wa ukoo wa collie huweza kudhurika kwa kiasi kidogo sana. Mpeleke kwa daktari leo, hata kama bado anacheza, na uchukue lile bomba ili kiini na nguvu ya dawa vijulikane.